Maktaba na Amani: Mahali pa Kukaa Pamoja Wakati Teknolojia Inabadilika

Tunapozungumza juu ya kujenga amani katika Kivu ya Kusini, kwa kawaida tunataja mazungumzo ya viongozi, baraza za jamii, mashamba ya pamoja na mechi za vijana. Ni mara chache sana tunataja maktaba. Wengi wetu tunaiona kuwa chumba cha wanafunzi wanaoandaa mitihani, au ghala la vitabu vya zamani vilivyojaa vumbi. Wengine wanasema kwamba siku hizi, simu ikiwa mfukoni, maktaba haina kazi tena.

Makala hii inataka kueleza mambo mawili. La kwanza ni jinsi maktaba inavyomsaidia mtu ajione kuwa ni mwenyeji, hata kama jana alifika na mfuko mmoja wa nguo. La pili ni jinsi maktaba inavyoweza kubadilika pamoja na teknolojia bila kupoteza kazi hiyo ya kwanza. Mwishoni tunatoa mapendekezo ambayo kikundi chochote cha mtaa kinaweza kuyajadili.

Mahali ambapo hakuna anayekuuliza unatoka wapi

Anayeijua Bukavu anajua kwamba mji huu umekua kwa mawimbi ya watu. Vita vya 1996 na vya 1998, mapigano ya mjini ya mwaka 2004, na miaka mingi ya vurugu za vijijini vimewaleta watu kutoka Kalehe, Shabunda, Mwenga, Walungu, Fizi na Uvira. Mnamo Februari 2025, wapiganaji wa AFC/M23 walipoingia mjini, familia nyingi zilihama tena, na nyingine zikafika kutoka upande wa Goma na Kalehe. Katika nyumba moja ya Kadutu au Panzi unaweza kukuta familia tatu chini ya paa moja: wenye nyumba, ndugu zao kutoka kijijini, na watu ambao hawakujuana nao kabla ya vita.

Katika mji wa namna hiyo, karibu kila mahali pana wenyewe. Kanisa lina waumini wake. Chama cha watu wa eneo moja kina lugha yake na michango yake. Baa inataka ununue chupa. Sokoni unakaribishwa ukiwa na pesa au bidhaa. Hata uwanja wa mpira una vijana wanaoutawala. Kijana aliyetoka mbali anauliza moyoni mwake: mimi nitakaa wapi bila mtu kuniuliza ninatafuta nini?

Maktaba iliyo wazi kwa wote ni mojawapo ya majibu machache. Unaingia bila kununua kitu, bila kusali sala ya mtu mwingine, bila kueleza historia ya ukoo wako. Unavuta kiti. Aliye mbele yako anasoma fizikia, aliye kando anaangalia gazeti la juma lililopita, mtoto yuko chini na kitabu cha picha. Hakuna aliyewaita kwenye mkutano wa maridhiano, lakini wamekaa meza moja. Kesho watakaa tena. Baada ya majuma kadhaa wanaanza kusalimiana, kisha kuazimana kalamu, kisha kuulizana maana ya neno gumu.

Sisi tunaofanya kazi uwanjani tumejifunza kwamba kuzoeana ni kazi ya polepole. Semina ya siku mbili inaweza kufungua mlango, lakini watu huzoeana kwa kukutana mara nyingi katika jambo dogo lisilo na ubishi. Maktaba inatoa nafasi hiyo kila siku, bila kumlipa mtu yeyote pesa za usafiri.

Kuna jambo lingine ambalo watu hulisahau. Kuazima kitabu ni tendo la kuaminiana. Mhudumu anaandika jina lako kwenye daftari, anakukabidhi mali isiyo yako, na anakuambia uirudishe baada ya siku 14. Kwa mtu ambaye kwa miezi mingi amekuwa jina kwenye orodha ya kugawiwa unga na mafuta, kadi ya maktaba ni orodha ya namna nyingine. Hapa hayuko kwa sababu ni mhitaji. Yuko kwa sababu ni msomaji, na anatazamiwa kurudi.

Mlango unaweza pia kufungwa

Tusijidanganye, hata hivyo, kwamba kila maktaba ni mahali pa amani kwa sababu tu ina vitabu. Maktaba inaweza kuwakusanya watu, na inaweza pia kuwatenga.

Jijini Nairobi kuna Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931. Kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo hadi mwaka 1958. Jengo, nguzo na vitabu vilikuwa vilevile siku moja kabla na siku moja baada ya mlango kufunguliwa. Kilichobadilika ni sheria ya nani anaruhusiwa kuingia. Tangu mwaka 2017 shirika la Book Bunk, lililoanzishwa na Angela Wachuka na Wanjiru Koinange, limekuwa likishirikiana na serikali ya kaunti kufufua maktaba za umma za jiji hilo, zikiwemo zile za mitaa ya Kaloleni na Makadara, ili wakazi wa kawaida waone kwamba ni zao.

Sisi hapa Bukavu tunaielewa hadithi hiyo vizuri. Wakati wa ukoloni mji wetu nao ulipangwa kwa rangi: Ibanda karibu na ziwa kwa Wazungu, Kadutu na baadaye Bagira kwa Waafrika. Sheria hizo zimekufa zamani, lakini mipaka mingine imebaki. Leo maktaba nyingi za mji ni za vyuo, za parokia na za mashirika. Zinafanya kazi nzuri, lakini zina milango yake. Moja inataka kadi ya mwanafunzi. Nyingine inataka ada ya mwaka. Nyingine inafungwa saa tisa alasiri, wakati mwenye kazi bado yuko kazini na msichana bado yuko kwenye foleni ya maji.

Mlango mgumu kuliko yote ni kitambulisho. Katika nchi yetu, kwa miaka mingi kadi ya mpiga kura imetumika kama kitambulisho cha kawaida. Mtu aliyekimbia usiku huenda aliiacha nyumbani, au iliungua pamoja na nyumba. Maktaba inayodai kadi hiyo kabla ya kumpa mtu kiti inamwambia, bila kutaka, kwamba hata hapa hana jina.

Ilani ya Maktaba za Umma ya UNESCO na shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, ile ya mwaka 1994 na iliyopitiwa upya mwaka 2022, inasema kwamba huduma ya maktaba ya umma itolewe kwa usawa kwa watu wote, bila kujali umri, jinsia, dini, uraia, lugha au hali ya maisha. Kwa lugha ya mtaani tungesema: mlango mmoja kwa wote. Nchi zenye pesa nyingi haziwezi kudai kwamba kanuni hii ni yao peke yao. Kwetu ambako watu wamehesabiwa na kutengwa mara nyingi, kanuni hii ina uzito zaidi.

Kwa nini wapiganaji huchoma vitabu

Njia moja ya kupima thamani ya kitu ni kuangalia ni nani anayetaka kukiharibu. Katika vita vingi maktaba imelengwa hata pale ambapo haina silaha wala askari.

Mwezi Agosti 1914 jeshi la Ujerumani liliichoma maktaba ya chuo kikuu cha Leuven, Ubelgiji. Ilijengwa upya, ikaungua tena mwezi Mei 1940. Nchini Sri Lanka, maktaba ya Jaffna, iliyotunza vitabu na miswada ya Watamili, karibu 97,000 kwa jumla, ilichomwa moto usiku wa kuamkia tarehe 1 Juni 1981. Mjini Sarajevo maktaba ya taifa ilishambuliwa kwa mizinga mwezi Agosti 1992, na sehemu kubwa ya vitabu vyake ikawa majivu. Mjini Timbuktu, Mali, miswada kama 4,000 iliteketezwa mwezi Januari 2013. Ingepotea mingi zaidi kama Abdel Kader Haidara na wenzake hawakuwa wamekwisha kuitorosha kwa siri hadi Bamako, ikiwa ndani ya masanduku ya chuma, kwa magari na kwa mitumbwi.

Anayechoma maktaba anataka kufuta ushahidi kwamba watu fulani waliishi mahali fulani, walisali, walifanya biashara na waliandika. Anataka kuwaambia: ninyi si wa hapa. Kwa sababu hiyo kuitunza maktaba, hata ndogo, ni kazi ya amani.

Leuven ina fundisho lingine linalotugusa Wakongo, kwa kuwa ni chuo hicho kilichoanzisha Lovanium, Kinshasa, mwaka 1954. Wasemaji wa Kiholanzi na wasemaji wa Kifaransa waliposhindwa kuishi katika chuo kimoja, waliamua kutengana, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikabidi maktaba igawanywe. Vitabu vingi viligawanywa kwa namba za rafu: zenye namba shufwa upande mmoja, zenye namba witiri upande mwingine. Hakuna aliyeuawa, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini fikiria msomaji aliyezoea kuvikuta vitabu viwili kando kwa kando. Siku hiyo kimoja kilikuwa mji huu na kingine mji ule. Jamii zinapokataa kukaa pamoja, hata maarifa hukatwa vipande.

Hapa kwetu, kilomita kadhaa kaskazini mwa Bukavu, karibu na mbuga ya Kahuzi-Biega, kuna kituo cha utafiti cha Lwiro. Kilianza katika mfumo wa taasisi ya utafiti iliyoundwa na Wabelgiji mwaka 1947, na leo kinajulikana kama CRSN. Maktaba yake ya kisayansi imepita katika vita na miaka mingi ya ukosefu wa bajeti. Imebaki kwa sababu kuna watu waliokubali kuilinda wakati mishahara ilikuwa haionekani. Uvumilivu wao wa kimya unastahili kutajwa pale tunapowataja wajenzi wa amani.

Teknolojia imebadilika, na bado inabadilika

Sasa tuje kwenye simu. Wazazi wetu walipata habari kwa barua, kwa gazeti lililopita mikono kumi, na kwa redio. Tangu mwaka 1993 Radio Maendeleo imekuwa ikizungumza na watu wa Bukavu na vijiji vya kandokando, na tangu mwaka 2002 Radio Okapi imesikika nchi nzima. Kisha zikaja kompyuta na vyumba vya intaneti, ambako ulilipia kwa dakika na kuomba umeme usikatike kabla barua pepe haijaondoka. Leo mwanafunzi anasoma silabasi ya mwalimu kwenye simu, na anayeuza mega ana meza kila kona.

Je, simu imeiua maktaba? Tunasema hapana, kwa sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni gharama. Simu bila mega haikufikishi mbali, na mega zinaisha upesi. Mwanafunzi anayetaka kusoma kitabu cha kurasa 300 kwa mtandao analazimika kuchagua kati ya kitabu na nauli ya teksi. Kitabu kilichonunuliwa mara moja na maktaba kinasomwa na watu mia.

Sababu ya pili ni ukweli. Simu inaleta habari nyingi bila kutenganisha punje na makapi. Picha ya maiti iliyopigwa nchi nyingine, miaka kumi iliyopita, inatumwa usiku na maneno kwamba ni jana, ni hapa, na waliofanya ni watu wa kabila fulani. Kabla ya jua kuchomoza vijana wamekwisha kushika mawe.

Sababu ya tatu ni upweke. Kila mtu na kioo chake, kila kikundi cha WhatsApp na watu wake. Tunaweza kukaa nyumba moja na kuishi katika habari mbili tofauti. Maktaba inawarudisha watu katika chumba kimoja.

Hata hivyo maktaba ikikataa teknolojia, vijana wataikimbia. Kitu cha kufanya ni kuiingiza teknolojia ndani ya chumba, ili watu waitumie wakiwa pamoja. Katika eneo letu la Afrika kuna mifano ya kutia moyo.

Mifano kutoka kwa majirani

Nchini Kenya, huduma ya maktaba ya taifa ilianzisha mwaka 1996 maktaba ya ngamia huko Garissa. Wafugaji wanahama na mifugo yao, na barabara ni mbovu. Badala ya kuwangoja wafugaji waje mjini, vitabu vilipakiwa juu ya ngamia na kuwafuata. Hapa hapakuwa na kifaa chochote kipya: walitumia mnyama ambaye kila mtu anamjua. Fundisho lake ni kwamba teknolojia nzuri ni ile inayofika.

Nchini Uganda, karibu na Masaka, maktaba ya kijiji cha Kitengesa ilianza mwaka 1999 kwa sanduku la vitabu katika shule ya sekondari. Baadaye ilipata jengo lake, kisha umeme wa jua. Taa zikawavuta wanafunzi kusoma jioni. Wanafunzi kadhaa hufanya kazi ya kuhudumu maktabani na kwa kazi hiyo wanasaidiwa karo. Kwa hiyo maktaba haikuwa zawadi ya wageni tu. Ilikuwa na mikono ya vijana wa hapo hapo.

Nchini Tanzania, sheria ya mwaka 1963 iliunda huduma ya maktaba ya taifa, na Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ikafunguliwa mwaka 1967. Katika miaka ya 1970, watu wazima walipofundishwa kusoma kwa wingi, ilionekana wazi kwamba anayejua kusoma bila kuwa na cha kusoma husahau. Vitabu vya vijijini na magazeti ya Kiswahili chepesi vikawa sehemu ya kampeni yenyewe.

Mfano wa nne unatuhusu moja kwa moja. Shirika la Bibliothèques Sans Frontières, lililoanzishwa Ufaransa mwaka 2007, lilitengeneza maktaba ya kubebwa inayoitwa Ideas Box. Wazo lilitokana na tetemeko la ardhi la Haiti la mwaka 2010, ambako ilionekana kwamba watu waliopoteza kila kitu wanahitaji pia kusoma, kuwasiliana na kujieleza. Mbunifu Philippe Starck alichora masanduku ya rangi angavu yanayoingia kwenye paleti mbili za mizigo. Yakifunguliwa yanakuwa meza, viti, rafu za vitabu, tableti, kompyuta, skrini ya filamu na seva ndogo, na kazi yote inachukua kama dakika 20.

Masanduku ya kwanza yalipelekwa mwaka 2014 nchini Burundi, kwa ushirikiano na UNHCR, katika kambi za wakimbizi wa Kongo. Wengi wa wakimbizi hao walitoka hapa kwetu, Kivu ya Kusini. Ni watu wa Uvira, Fizi na nyanda za juu, jamii ambazo nyumbani zilikuwa zimegombana, na ambazo kambini zilijikuta zikiangalia filamu moja kwenye skrini moja. Hatusemi kwamba sanduku lilimaliza ugomvi. Tunasema kwamba liliwapa kitu cha kufanya pamoja ambacho si kugombania maji na kuni.

Maktaba isiyohitaji intaneti

Watu wengi hudhani kwamba maktaba ya kisasa lazima iwe na intaneti ya kasi. Sivyo. Siku hizi kuna njia rahisi ambayo mafundi wetu wa Bukavu wanaiweza kabisa.

Kinahitajika kikompyuta kidogo, kama Raspberry Pi, ambacho kinaingia kiganjani. Ndani yake huwekwa kadi ya kumbukumbu yenye vitabu, masomo, video na kamusi. Kikompyuta hiki kinatoa mawimbi ya Wi-Fi ndani ya chumba. Msomaji anaunganisha simu yake, anafungua ukurasa, na anasoma. Hatumii hata mega moja, kwa kuwa habari zinatoka katika kifaa kilicho mezani, si katika mtandao wa nje. Programu ya Kiwix, kwa mfano, inaweza kuhifadhi Wikipedia nzima ya Kifaransa pamoja na ile ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, katika kadi moja. Programu ya Kolibri inahifadhi masomo ya shule. Hadithi za watoto za mradi wa African Storybook, ulioanza mwaka 2014 Afrika Kusini, zinapatikana bure kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine nyingi, na zinaruhusiwa kunakiliwa na kutafsiriwa.

Umeme unaotakiwa ni mdogo sana, kwa kuwa kikompyuta hicho kinakula umeme kidogo kuliko balbu ya kawaida. Ingawa mitambo ya Ruzizi iko mlangoni petu, kila mkazi anajua siku ambazo taa haziwaki. Paneli moja ya jua na betri nzuri zinatosha kuendesha kikompyuta na taa za chumba kidogo.

Kuna faida nyingine, hasa katika nyakati kama za mwaka 2025. Kifaa kinachokaa kiganjani kinaweza kunakiliwa. Nakala moja ikae mjini, nyingine parokiani, nyingine kijijini. Kama wale wa Timbuktu, mwenye kuhifadhi asitegemee nyumba moja.

Meza ya kuhakikisha uvumi

Tulisema kwamba uvumi unaua. Huko Tana Delta, Kenya, mapigano kati ya Waorma na Wapokomo katika miaka ya 2012 na 2013 yaliua watu zaidi ya 100, na uvumi ulichangia kuyawasha. Baadaye, mwaka 2014, shirika la Sentinel Project lilianzisha mpango ulioitwa Una Hakika. Mwananchi aliyesikia habari ya kutisha alituma ujumbe mfupi wa simu. Watu wa kujitolea walioaminika katika vijiji waliichunguza, na jibu likarudishwa kwa waliouliza: ni kweli, si kweli, au bado haijajulikana.

Maktaba ya mtaa inaweza kufanya jambo hilo kwa kiwango chake. Meza moja, daftari moja, mhudumu mmoja aliyefundishwa kuuliza: picha hii ilipigwa wapi? Nani aliituma kwanza? Kuna redio gani nyingine iliyotangaza? Msomaji akizoea kuuliza hivyo juu ya kitabu, ataanza kuuliza hivyo juu ya ujumbe wa simu.

Hapa tahadhari inahitajika. Mhudumu asifanywe mpelelezi, na daftari lisiandike jina la mleta habari. Katika mji ambao wenye silaha hubadilika, orodha ya majina ni hatari. Kanuni hiyo ihusu pia vitabu: nani alisoma nini ni siri ya msomaji. Kitabu kikirudi, mstari ufutwe.

Lugha na historia kwenye rafu

Mtu anajiona wa mahali fulani anapokuta lugha yake hapo. Vitabu vingi tunavyoletewa kama msaada ni vya Kifaransa au Kiingereza, na vingine vinazungumzia theluji na treni za chini ya ardhi. Vipokelewe kwa shukrani, lakini visijaze rafu yote. Kiswahili ndicho kinachotuunganisha. Tena kuna Kishi, Kilega, Kihavu, Kifuliiru, Kivira, Kibembe, Kinyindu na Kinyamulenge. Kama vitabu vya lugha hizo ni vichache, wazee wapo. Simu ileile inayoeneza chuki inaweza kurekodi ngano, methali na nyimbo za kubembeleza watoto, zikawekwa katika kikompyuta cha maktaba, kila jamii na sehemu yake, zote chini ya paa moja.

Historia ni ngumu zaidi. Swali la nani alitangulia kufika katika ardhi fulani limemwaga damu nyingi katika Kivu. Maktaba haiwezi kulitatua, na isijaribu kujifanya hakimu. Inachoweza ni kuweka vitabu kadhaa kando kwa kando, vile vinavyokubaliana na vile vinavyopingana, na kumwachia msomaji agundue kwamba shahidi mmoja hatoshi. Atakayeiambia maktaba iondoe kitabu cha jamii fulani aelezwe kwa upole kwamba kesho mwingine atakuja kudai kiondolewe cha kwake.

Mambo ya kuanzia

Kwa kikundi chochote cha vijana, cha akina mama au cha parokia kinachotaka kuanza, tunapendekeza yafuatayo:

1. Chagueni mahali ambapo kila jamii inaweza kufika bila woga. Chumba kidogo kwenye njia ya wote ni bora kuliko ukumbi mkubwa katika ngome ya upande mmoja.

2. Kamati iwe na mchanganyiko: wanaume na wanawake, wenyeji na wakimbizi wa ndani, vijana na wazee. Ufunguo usikae kwa mtu mmoja.

3. Kusoma ndani ya chumba kuwe bure na bila kitambulisho. Kwa kuazima kitabu, mdhamini mmoja anayejulikana mtaani anatosha.

4. Saa za kufungua zifuate maisha ya watu. Ulizeni wasichana na wafanyabiashara wadogo ni saa ngapi wanaweza kuja, na kama njia ni salama.

5. Wekeni saa ya kusoma kwa sauti kwa wasiojua kusoma, na saa ya kusikiliza redio pamoja. Maktaba ni ya masikio pia.

6. Kabla ya kununua kifaa, jueni nani atakitengeneza kikiharibika na pesa za betri mpya zitatoka wapi. Kifaa kisicho na fundi ni mzigo.

7. Anzeni na mlicho nacho. Vitabu 50 vinavyosomwa vina faida kuliko 5,000 vilivyofungiwa kwenye katoni.

Maswali ya kujadili katika kikundi

Katika mtaa wetu, ni mahali gani ambapo mtu wa jamii yoyote anaweza kukaa saa mbili bila kununua kitu na bila kuulizwa? Ni nani asiyeingia katika maktaba au chumba chetu cha kusomea, na ni kitu gani kinachomzuia? Uvumi wa mwisho uliotutia hofu ulifikaje kwetu, na nani angeweza kuuchunguza? Ni hadithi gani za wazee wetu zitapotea tusipozirekodi mwaka huu?

Ndugu msomaji, mikataba ya amani husainiwa mbali na sisi, katika miji ambayo wengi wetu hatutaiona. Lakini meza, viti vichache, taa na vitabu viko ndani ya uwezo wetu. Haba na haba hujaza kibaba. Kikundi chenu kikikutana juma hili, someni maswali hayo pamoja, kisha mmoja wenu aende kuuliza nani ana chumba kisichotumika.